Orodha ya vitu kumi na kimoja: shajara ya kupeleka dawa Uvira

Jumatano, 19 Februari 2025, Kigoma

Jana usiku nilitafuta risiti moja kwa saa nzima, mwisho nikaikuta kwenye mfuko wa suruali iliyokwisha kufuliwa. Basi leo nimenunua daftari.

Hali ilivyo. Waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Congo, mwishoni mwa Januari, na Bukavu wakaichukua tarehe 16 mwezi huu. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, na ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, umo mikononi mwao. Kwa mtu wa mizigo maana yake ni moja tu: mikoa yote miwili ya Kivu haina tena mlango wa angani. Maghala ya Goma yaliporwa, likiwamo la dawa la Msalaba Mwekundu. Kusini imebaki Uvira, pale kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, Tanganyika, nayo tangu juzi haijatulia. Askari wameteremka kutoka Bukavu, risasi zinalia mjini, watu wanavuka kwenda Burundi kwa miguu na wengine wanapanda boti kuja huku. Asubuhi pale Kibirizi, kwenye gati la boti, nimemwona mama mmoja akishuka, mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Hakuwa na kingine.

Mimi ni wakala wa forodha. Kwa miaka ishirini na mitatu nimevusha saruji, unga, mabati na sabuni kwenda Congo na Burundi. Dawa sijawahi. Kwenye kikundi chetu cha kupeleka dawa tuko tisa: mfamasia, madaktari wawili wastaafu, wauza dagaa watatu, mwalimu mmoja, mwenye Fuso, na mimi. Hatuna jina wala nembo, na kwa sasa hatuna haja navyo.

Nesi mmoja wa Uvira, ambaye tunafahamiana kwa njia ya biashara ya migebuka ya shemeji yake, ametuma picha ya orodha. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, mwandiko wa haraka, na kivuli cha kidole kimefunika ukingo wa kulia. Nainakili kama ilivyo: Serum 3000. SRO 5000. Katheta 600. Gants, nyingi. Kompresi. Fil ya kushona. Ketamine. Ocytocine. HTH ndoo 4. Kit PEP 50. Cahiers kubwa 6. Vitu kumi na kimoja. Tumekubaliana kwamba hiyo ndiyo kazi yetu, tusiongeze wala tusipunguze.

Jumamosi, 22 Februari

Tumekwisha kuongeza.

Mwalimu alitangaza msikitini na kanisani kwamba tunakusanya dawa za Uvira, na sebule yake leo haina pa kukanyaga. Maboksi kumi na manne. Mfamasia wetu ameketi chini, miwani puani, anatoa kimoja kimoja. Dawa ya kikohozi iliyonywewa nusu, mdomo wa chupa umeganda sukari na sisimizi wamejipanga. Vidonge vya presha vya marehemu fulani, na jina lake bado liko kwenye bahasha. Mafuta ya kuchua. Viuavijasumu ambavyo muda wake unaisha Aprili. Amejaza maboksi mawili ya kupeleka na kumi na mawili ya kuteketeza, na kuteketeza dawa kuna utaratibu wake, hutupi jalalani.

Mwalimu amenuna. Anasema watu wametoa kwa moyo. Mfamasia akamweleza habari za Bosnia: katika vita vile vya miaka ya 1992 hadi 1996 kiasi kinachokadiriwa kufika tani 17,000 za dawa zilizotolewa msaada zilikuwa hazifai kitu, na nchi iliyotoka vitani ikabaki na kazi ya kuzichoma. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa mambo haya. Dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja mbele yake, na lebo iwe kwa lugha ambayo mhudumu wa kule anaisoma. Ukichukua masharti hayo mawili tu, sebule nzima inakuwa tupu.

Kuanzia leo tunapokea fedha. Atakayeleta dawa tutamshukuru na kumrudishia.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya karatasi. Hapa ndipo penye ujuzi wangu, na hata mimi nimetoka jasho.

Watu hudhani mzigo wa msaada unapita kwa huruma. Unapita kwa hati, tena nyingi kuliko za saruji. Kwanza ankara. Daktari mmoja mstaafu ameniambia, "Kaka, andika sifuri, si tunatoa bure?" Forodha haijui sifuri. Kila kitu kina thamani yake, unaiandika, halafu chini unaeleza kwamba ni msaada na hakiuzwi. Pili orodha ya mzigo: boksi namba ngapi lina nini, vingapi, namba ya toleo la kiwandani, tarehe ya mwisho. Katoni 61, mistari 140. Tatu, kibali cha TMDA, mamlaka yetu ya dawa, cha kutoa dawa nchini. Nne, bondi ya transiti, kwa sababu njia ya nchi kavu inapita Burundi, na Burundi wanataka uhakika kwamba mzigo utatoka upande wa pili na hautaishia Bujumbura sokoni. Tano, barua ya daktari mkuu wa zoni ya afya ya Uvira, inayosema yeye ndiye mpokeaji. Hiyo ndiyo barua ya maana kuliko zote. Bila jina la mpokeaji, mzigo wa dawa mpakani ni bidhaa ya mtu asiyejulikana.

Na vyote hivyo viwe na nakala ya Kifaransa. Mwalimu mmoja Mkongo anayeishi hapa Kigoma ametutafsiria usiku kucha kwa malipo ya chai.

Morfini tumeiacha, na kwa bahati haikuwa kwenye orodha. Iko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961: nchi inayopokea itoe cheti kwanza ndipo nchi inayotoa iruhusu itoke. Upo mwongozo wa mwaka 1996 unaolegeza sharti hilo nyakati za dharura, lakini umewekwa kwa mashirika yanayojulikana. Watu tisa wasio na jina hawamo. Ketamini haimo kwenye mkataba huo, ndiyo maana inapatikana, na ndiyo maana madaktari wa mahali pasipo na mashine ya usingizi wanaitegemea: mgonjwa analala na bado anapumua mwenyewe.

Kuhusu "Serum 3000" tumejadili sana. Mfamasia anasema ni serumu ya pepopunda, kwa majeruhi wa risasi na mabomu. Mantiki inakubali. Ila 3000 ni nyingi mno na bei yake inatisha. Zimepatikana 60. SRO hatukuijua, tukaona labda ni makosa ya mwandiko, tukairuka.

Jumapili, 2 Machi

Tumepakia. Ramadhani imeingia, kwa hiyo tulianza alfajiri ili wapakiaji wapumzike mchana.

Mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza, dereva. Burundi haina mafuta. Si kwamba ni ghali. Hakuna: magari yanalala kwenye foleni ya kituo siku nzima na zaidi. Dereva alijaza tenki na kuongeza madumu manne ya dizeli, nami nikayaandika kwenye hati kuwa ni ya matumizi ya gari. Akayapanga nyuma kabisa. Mfamasia alipopanda kuhesabu maboksi akasimama ghafla, akanusa. Ndoo nne za HTH, yaani klorini ya unga ya kutibu maji, zilikuwa zimeegemezwa kwenye madumu.

"Nani amepanga hivi?"

Dereva akasema yeye, na kwamba zimekaa vizuri, hazitaanguka.

Klorini ile ikigusana na mafuta inapata moto yenyewe. Haihitaji kiberiti. Juani, chini ya turubai, kwenye barabara ya milima ya kwenda Manyovu! Tukasimama wote tukitazama ndoo na madumu kama watu wanaotazama ng'ombe wawili waliogoma. Kimoja lazima kishuke. Bila dizeli gari halirudi. Klorini ikashuka.

La pili, utingo alikuwa amekuja na kopo la rangi nyekundu. Alitaka kuchora msalaba mkubwa juu ya turubai ili tusipigwe. Nia njema, lakini alama ile ina sheria yake katika Mikataba ya Geneva ya 1949. Huitumii kwa sababu tu umebeba dawa. Kila anayeivaa bila ruhusa anawapunguzia kinga wale waliopewa. Tumeandika "DAWA – MÉDICAMENTS" kwa rangi nyeusi, basi.

Jumanne, 4 Machi, Nyanza-Lac

Mpaka wa Manyovu na Mugina, kuingia Burundi, tumevuka kwa saa tano. Si mbaya. Kule naitwa "Mzee wa Saruji", na leo wamecheka kuona nina bendeji.

Kabla sijalala niandike namna sanduku baridi lilivyofungwa, maana mfamasia amenifundisha na nisingependa kusahau. Nilidhani ukichukua barafu kutoka kwenye friza na kuipanga ndani kazi imeisha. La. Barafu ya aina hiyo ni baridi mno. Oksitosini, ile dawa ya akina mama wanaojifungua, na serumu zinatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na dawa ikiganda inaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Unaziacha pakiti za barafu mezani mpaka zianze kutoa jasho, unaitikisa moja sikioni, ukisikia maji yakicheza ndani, hapo ziko tayari. Ndipo unapanga dawa katikati, kipima joto juu yake, kifuniko, na hufungui tena mpaka unakokwenda. Sanduku limesafiri miguuni pake kutoka Kigoma, naye amekunja magoti kama aliyepakata mtoto.

Jumatano, 5 Machi, Bujumbura

Limefunguliwa.

Kituo sikitaji, tutakihitaji tena. Afisa mmoja kijana alitaka kuona ndani. Nikamwonyesha hati, lakiri, barua, nakala ya Kifaransa. Akasema hati anaziona, anataka kuona ndani. Dada mfamasia akaomba lifunguliwe ndani ya ofisi, kivulini. Ofisini kulikuwa na mkutano. Likafunguliwa juu ya boneti ya gari, saa saba mchana. Kipima joto kilikuwa 5.2. Yule kijana akachukua kichupa kimoja, akakiinua juani, akasoma lebo pole pole, akakirudisha, akachukua kingine. Dada hakusema neno. Alikuwa anasoma namba tu: 6.9, 8.1, 9.4. Kifuniko kiliporudi zilikuwa 9.8. Akaandika saa, nyuzi na dakika kwenye karatasi ya sanduku kwa mkono uliotulia kabisa, akapanda garini, na mpaka Rumonge hakuongea.

Pembeni mwa barabara ya Rumonge mawese yamepangwa kwenye chupa za maji, mekundu. Tumenunua mbili tukirudi tuzichukue.

Alhamisi, 6 Machi, Kavimvira

Kutoka Bujumbura hadi Uvira hapafiki kilomita 30. Zimetuchukua siku nzima. Upande wa Gatumba watu wanakuja na magodoro, sisi tunakwenda kinyume chao, na kila askari anauliza swali lile lile: mnafuata nini huko? Baada ya daraja ni Kavimvira, Congo. DGDA, yaani forodha yao, OCC, wakaguzi wa bidhaa, watu wa afya, uhamiaji, kila mmoja na daftari lake. Barua ya daktari mkuu ndiyo iliyotuvusha. Niliisambaza kama kadi za harusi.

Nesi alikuja na gari la hospitali. Nilimtegemea mtu mzima, kumbe ni binti wa miaka thelathini hivi, kitenge na viatu vya raba. Akatusalimu vizuri, akahesabu glavu, akazishika zile nyuzi za kushonea na kuzibusu, nasema kweli, akazibusu. Madaftari sita akayakumbatia. Halafu akauliza:

"Aksanti sana, papa. Sasa serum iko wapi?"

Dada mfamasia akalipigapiga sanduku. "Hii hapa, mdogo wangu. Tumepata sitini tu, utuwie radhi."

Binti akafungua, akatazama.

"Hii ni ya tétanos."

"Ndiyo."

"Mimi niliomba serum. Maji. Maji ya kutia mu mushipa."

Dripu. Alikuwa anaomba dripu. Kule dripu ni serum, mtoto mdogo anajua. Sisi tumezungumza Kiswahili kimoja na watu hawa tangu babu zetu, tumeuziana dagaa na kuoleana, na neno moja limetushinda. SRO nayo si makosa ya mwandiko, ndiyo ORS kwa Kifaransa, ile chumvichumvi ya kuhara. Yaani namba moja na namba mbili za orodha, zilizoandikwa juu kabisa, hatukuleta hata moja. Na sanduku lile tulilolipigania njia nzima, nusu yake lilibeba kitu ambacho hakikuombwa.

Hakulalamika. Akasema ya pepopunda itafaa kwa majeruhi wanaoshuka kutoka bondeni, upande wa Kamanyola. Dada akamwonyesha ile karatasi ya nyuzi 9.8 na kumweleza kila kitu bila kuficha. Binti akasoma, akatia sahihi, akauliza lini tutarudi.

Simu zilikuwa zinapatikana wakati wote ule. Swali moja la shilingi mia. Nimeliandika hapa ili nisije nikamsingizia mtu mwingine.

Jumanne, 11 Machi, Kigoma

Tumekaa kuhesabu upya, safari hii na orodha iliyosomwa kwa sauti na mwenyewe kwenye simu, neno kwa neno.

Kipindupindu hakikosi Uvira, ni mgeni wa miaka mingi, na watu wakihamahama maji yanachafuka. Mgonjwa aliyezidiwa hutakiwa kupewa mililita 100 za dripu ya Ringer kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu. Mtu wa kilo 60, lita sita. Chupa alizoomba ni za nusu lita, 3000, yaani lita 1500. Gawanya: wagonjwa 250 wazima, na hizo ni saa tatu za kwanza tu. Katoni ya chupa 20 ina kilo kumi na kidogo. Katoni 150. Tani moja na nusu ya maji yenye chumvi.

Sasa tazama ORS. Pakiti moja ina gramu 20.5 na unaichanganya na lita moja ya maji ya huko huko. Pakiti 5000 ni kama kilo mia, bodaboda mbili zinabeba. Kwa mgonjwa anayeweza kunywa, kilo mia zile zinafanya kazi ambayo tani tano za dripu zingefanya. Nikauliza, basi kwa nini tusipeleke ORS tupu? Daktari mmoja mstaafu akanijibu kwamba anayeletwa amebebwa kwenye mlango, macho yameingia ndani, hanywi. Na maji ya kuchanganyia yanataka klorini. Ndiyo maana orodha ina vyote vitatu. Yule binti aliipanga kwa akili, sisi ndio tuliosoma vibaya.

Fuso haitabeba uzito huo kwenye milima ile bila kutuua. Itakuwa ziwani.

16 hadi 29 Machi

Kusubiri. Fedha imeingia kidogo kidogo. Mfadhili mmoja ameahidi kiasi kizuri kwa sharti la picha za wagonjwa wakiwa wamelazwa, na majina. Tumemshukuru. Wauza dagaa wamechanga kwa kipimo cha ndoo, na ndio waliotuvusha.

Mkubwa wa Congo na mkubwa wa Rwanda wamekutana Doha tarehe 18. Siku ya pili M23 wakaingia Walikale.

Alhamisi, 3 Aprili, bandarini

Idi imepita, makuli wamerudi na nguvu. Boti ni ya mbao, injini mbili, na nahodha huenda Kalundu, bandari ya Uvira, tangu ujana wake. Faida ya maji: hakuna transiti, hakuna bondi, ni Tanzania na Congo tu. Hasara ya maji ni maji.

Katoni zilipita mkono kwa mkono, karani akihesabu kwa vijiti. Zikafika 149. Tukarudia. 149. Nikapandisha sauti, nikatishia kusimamisha kazi, mpaka kuli mmoja akamwambia karani kwa upole, "Mzee, hebu simama kidogo." Alikuwa ameikalia.

Tumetandaza mbao chini, turubai juu, ORS mahali pa juu kabisa. Imeondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Mpaka usiku ungeweza kuona karabai za wavuvi na usijue ipi ni boti yetu.

Jumamosi, 5 Aprili

Ujumbe saa nne asubuhi, picha ya gati na neno moja: "Serum!!!"

Baadaye maelezo. Mawimbi yaliwakamata usiku na katoni 11 za chini zimelowa. Chupa ni za plastiki, maji ya ndani ni salama, lakini lebo za karatasi nyingi zimebanduka. Chupa isiyo na lebo haina jina wala namba ya toleo wala tarehe, na nesi makini haitundiki. Binti amezitenga zote. Zile ambazo lebo imeshika hata nusu anazisoma moja moja kwenye taa na kuandika upya kwa kalamu ya wino mzito. Zilizo wazi kabisa, 74, hazitaingia kwenye mshipa wa mtu. Amesema zitasaidia kuoshea vidonda vya nje iwapo daktari atakubali. Safari ijayo kila katoni itafungwa nailoni. Gharama yake ni ndogo kiasi cha aibu.

Jumamosi, 12 Aprili

HTH imekwenda, ndoo nne, kwenye boti ya saruji, peke yake kwenye omo, mbali na injini. Nahodha aliuliza mara tatu kama italipuka. Nikamwambia haitalipuka asipoipikia chai karibu.

Kwenye orodha sasa tisa zimefika. Ketamini ilikwenda pungufu safari ya kwanza, tumekamilisha leo ndani ya sanduku dogo: ni kumi. Imebaki moja.

Mei, sikuandika tarehe

Kit PEP 50.

Nimekwepa kuiandika hii. Ni dawa za mtu aliyebakwa. Za kuzuia VVU, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na ziendelee siku 28, pamoja na za magonjwa ya zinaa na za kuzuia mimba. UNICEF ilisema kwamba katika wiki moja tu, ya tarehe 27 Januari hadi 2 Februari, waliobakwa na kutibiwa katika vituo 42 vya mashariki mwa Congo waliongezeka mara tano, na asilimia 30 yao walikuwa watoto.

Vidonge vya VVU havinunuliwi dukani kama dripu. Vinapita kwenye mipango ya serikali na wafadhili wakubwa, na mfadhili mkubwa kuliko wote, Marekani, alisimamisha misaada yake ya nje tangu tarehe 20 Januari, wiki moja kabla ya Goma. Nimezunguka ofisi nne. Kote wamenipokea vizuri, kote wamesema dawa zilizopo ni za wagonjwa waliosajiliwa hapa, na ni kweli, siwezi kuwalaumu. Mfamasia ameandika barua sita. Daktari mstaafu ana mwanafunzi wake wa zamani katika shirika moja la kimataifa Bujumbura, tunamsubiri.

Saa 72. Barua yetu ya kwanza ina wiki tano sasa.

Jumanne, 10 Juni

Bujumbura wamejibu. Wanazo, chache, na wanapeleka wenyewe Uvira kwa gari lao pindi barabara inaporuhusu. Kumi na mbili zimefika wiki iliyopita. Hazikupita mikononi mwetu na sitaziandika kama zetu, ila nimempigia binti, na amezipokea.

Jumatatu, 30 Juni

Ijumaa Congo na Rwanda wametia sahihi mkataba Washington. Kibirizi watu wamesikiliza redioni, wakauliza kama boti za Uvira zitapandisha nauli au zitashusha.

Leo binti ametuma orodha mpya, safari hii picha safi, hakuna kidole. Vitu tisa. Kit PEP imehamia namba moja na imepigiwa mistari miwili. Serum namba mbili, na pembeni yake, kwa herufi kubwa, ameandika MAJI. SRO ya tatu. Nimempigia tukasoma pamoja mpaka mwisho.

Namba tisa sikuielewa. "Cahiers kubwa 10." Nikamwambia, binti yangu, si tulileta sita mwezi wa tatu?

"Zilijaa, papa."